Mzigo wa Chukudu Haubebwi Kichwani



Siku moja ya mwezi wa tano 2023 nilisimama mbele ya wanafunzi wangu wa darasa la tano, chaki mkononi, na sikujua tena niliingia kufundisha nini. Nilitazama ubao. Watoto walinitazama mimi. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ni hesabu." Nikaandika tarehe, halafu nikaketi.

Jioni ile, nyumbani, mtoto wangu wa miaka 6 alivunja kikombe. Nilimpiga kama vile mtu anavyompiga mwizi. Mama yake hakunikemea. Alimbeba mtoto, akatoka naye nje. Usiku ndipo aliponiambia: "Papa, wewe haulali tangu miezi mbili. Masomo ikiisha, enda ku Goma kwa yaya yako. Mimi nitabaki na watoto."

Sisi tunakaa Kamituga, Kivu Kusini, mji wa dhahabu. Ninyi mnaokaa katika miji ya madini mnajua maisha yetu bila kuelezwa. Mdogo wangu alikuwa mchimbaji. Udongo ulimwangukia shimoni, akaacha mjane na watoto wanne. Mimi nina watano. Tangu siku ile sahani za watoto zikawa tisa. Mjane anatwanga mawe pamoja na mama twangaise wengine. Siku ambayo mawe yana kitu, analeta unga. Siku ambayo hayana, analeta vumbi tu. Mshahara wangu ulichelewa, deni ya duka ikapanda, na mzee wetu akaanza kuugua figo. Kila mtu aliyeniuliza habari nilimjibu, "Niko tu muzuri." Nilifikiri kwamba hivyo ndivyo mwanaume anavyobeba jamaa yake.

Hali hii ina jina katika lugha yetu. Tunasema, "Yule ana mawazo mingi." Si wazimu. Mtu anafanya kazi, anasalimia watu, anaimba kanisani. Lakini ndani kichwa kimejaa mpaka hakuna nafasi ya kuweka hata neno moja jipya.

SAFARI

Mwezi wa saba nilipanda gari la mizigo. Ilikuwa kiangazi, na vumbi la njia ya Mwenga lilitufanya wote tufanane. Kule Bukavu nilipata nafasi katika mashua kubwa ya usiku. Tulipita Idjwi gizani. Abiria walilala juu ya magunia, mimi nilihesabu madeni yangu. Nilifika mwisho, nikaanza tena mwanzo, hata mapambazuko.

Goma iko kwenye ukingo wa kaskazini wa ziwa Kivu, karibu metre 1,460 juu ya usawa wa bahari. Nyuma yake unasimama Nyiragongo, mlima wa moto wa metre 3,470. Asubuhi ile mawingu yaliufunika, ukaonekana mguu wake tu. Kitu cha kwanza kinachomshangaza mgeni ni weusi wa mji. Njia ni nyeusi, nyua zimejengwa kwa mawe meusi yaliyopangwa, na nyumba nyingi ni za mbao zilizowekwa juu ya mawe hayohayo. Ni moto wa zamani uliopoa. Mtu wa Goma akitaka kupanda mchicha, ni lazima kwanza atafute udongo.

Yaya, yaani dada yangu mkubwa, alinipokea mtaa wa Majengo. Alinipa maji ya kuoga, kisha bugali na sambaza. Hakuuliza neno mpaka nilipomaliza kula. Ndipo aliposema, "Mudogo wangu, unalala?"

Nikamjibu, "Niko tu muzuri."

Akacheka. "Sikukuuliza hiyo. Niliuliza kama unalala."

MLIMA NA MFUKO

Yaya amekaa Goma tangu utoto wa wanawe. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa mlima ulipasuka, na moto ukateremka mpaka katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaunguza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukafika ziwani. Watu zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Nyumba ya yaya huko Murara ilikuwa mojawapo. Alikimbilia Gisenyi na watoto watatu na sufuria moja. Baada ya siku chache alirudi, kama wengi walivyorudi, na mawe yalikuwa bado na joto.

Tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho jioni, mlima ulitoka tena. Safari hii moto ulisimama Buhene, kabla ya kuingia mjini. Lakini ardhi iliendelea kutikisika usiku na mchana, na tarehe 27 serkali ikaamuru mitaa kumi ihame. Majengo ilikuwa ndani ya hiyo kumi. Yaya alitembea mpaka Sake kwa miguu.

Nilimwuliza, "Sasa yaya, unawezaje kulala hapa?"

Akanionyesha mfuko uliotundikwa nyuma ya mlango. Ndani yake mlikuwa vyeti vya watoto, tochi, dawa ya malaria, nguo moja ya kila mtu, na pesa kidogo ndani ya kitambaa. Chini yake kulikuwa bidon ndogo ya maji.

"Kisha 2002," akasema, "nilikuwa ninaamka kila usiku kuangalia mlima. Nikiona rangi nyekundu, moyo inapiga. Nisipoona kitu, inapiga zaidi. Miaka mingi hivyo. Siku moja nikajiuliza: hii macho yangu inasaidia mlima nini? Kufunga mfuko, hiyo njo kazi yangu. Nikaufunga. Kila mwezi ninaangalia kama iko sawa. Mlima yenyewe si kazi yangu."

Msomaji mpendwa, usifikiri kwamba dada yangu haogopi. Mwaka ule wa 2023 vita ilikuwa karibu. Mamia ya maelfu ya wakimbizi walikuwa wamejaa kuzunguka mji, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala. Wawili kati yao, mama na binti wake, walikuwa wakilala katika chumba chake cha mbele. Aliogopa. Ila aligawanya woga wake: sehemu inayotaka mikono aliipa mikono, na ile nyingine hakuikaribisha kitandani.

SHEMEJI NA CHUKUDU

Mume wa yaya ni mtu wa chukudu. Kwa ninyi ambao hamjaiona: chukudu ni gari la mbao la magurudumu mawili, lenye usukani kama wa baiskeli, bila pedali na bila mtambo. Mafundi wa Kivu Kaskazini wanalichonga kwa mti mgumu na kufunga mpira wa gurudumu la gari kuzunguka mbao. Linabeba kilo mia kadhaa. Kwenye mteremko mwenyewe anapiga goti juu yake na kukimbia nalo. Kwenye mlima analisukuma. Watu wa Goma wanaliheshimu hata wakalijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point.

Siku ya tatu shemeji alinichukua mpaka Kituku, soko la ukingoni mwa ziwa, kupakua mashua. Kulikuwa ndizi, mihogo na makala kutoka Minova na Idjwi. Nilimsaidia kupakia. Mimi nilitupa magunia juu namna yalivyokuja. Akayashusha yote.

"Shemeji, hapana vile," akasema. "Zito inakaa chini, katikati. Nyepesi juu. Kisha tunafunga. Kama haukufunga, mzigo njo itakusukuma wewe."

Tulipofika mahali njia inapoanza kupanda, alisimama. Akashusha nusu ya magunia, akamwachia kijana mmoja wa pale ayachunge. Tukasukuma nusu hadi juu, tukarudi, tukachukua nusu nyingine. Mara ya pili watoto wawili walikuja kusukuma kwa nyuma, akawapa ndizi.

Nikamwambia, "Lakini watu wanakuona umeshindwa."

Akapangusa jasho. "Kurudi mara mbili haina haya. Haya ni kuvunjika mbele ya watu. Na mzigo ya chukudu, shemeji, haibebwi ku kichwa."

DAFTARI LA SOKO

Usiku ule yaya alinipa daftari lake la soko na kalamu. "Andika yote yenye iko mu kichwa. Usiruke."

Niliandika mambo 17. Nilishangaa. Usiku katika mashua nilidhani ni mia moja. Kumbe yalikuwa 17, lakini kila moja lilikuwa linazunguka na kurudi.

Halafu akauliza juu ya kila moja: "Hii ni ya leo, ni ya kisha, ao si yako?"

Deni ya duka ilikuwa ya leo. Nilipaswa kwenda kwa mwenye duka na kumwambia nitalipa kiasi gani kila mwezi, badala ya kupita njia ya nyuma ili asinione. Ugonjwa wa mzee haukuwa wangu peke yangu. Tuna ndugu wawili Uvira ambao sikuwaambia hata neno, kwa sababu ya kiburi. Bei ya dhahabu, vita, tarehe ya mshahara: hayo hayakuwa yangu.

Tulipofika kwenye jina la mdogo wetu, yaya alinyamaza kwanza.

"Hii haina kazi," akasema. "Hii ina machozi. Ulilia?"

Sikuwa nimelia. Siku ya mazishi nilipanga viti, nilihesabu michango, nilitafuta mbao za sanduku. Watu walinisifu. Msomaji, pale Majengo, mbele ya mbabula, mwanaume wa miaka 44, nililia mpaka nikashindwa kupumua. Yaya hakuninyamazisha. Aliongeza makala tu. Usiku ule nililala mpaka saa mbili za asubuhi.

SIKU YA NNE YA JUMA

Yaya ana kikundi cha mama kumi na wawili. Wanakutana kila siku ya nne, wanatoa likelemba, na baada ya pesa wanaongea. Aliwaomba niketi nyuma. Kanuni zao ni tatu. Anayeongea hakatwi. Hakuna anayetoa shauri kabla mwenyewe hajaliomba. Na neno la kikundi halitoki nje.

Mama mmoja alisema kwamba tangu mwanawe aende mbali kutafuta kazi, yeye anaweka chumvi mara mbili katika sombe na hajui. Wengine wakacheka, naye akacheka, kisha akalia kidogo. Hakuna aliyetatua kitu. Lakini alipotoka alikuwa akitembea kama mtu aliyeshusha bidon.

Wengine watasema haya ni maneno ya akina mama tu. Hapana. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 15 vya Kivu hii yetu, kwa akina mama 405 walionusurika jeuri ya ngono. Katika vijiji fulani mama walipata mtu wa kuwasikiliza mmoja mmoja. Katika vingine walikutana kwa vikundi, wakaongozwa na wasaidizi wa hapahapa, wakajifunza kuyachunguza mawazo yanayowatesa. Baada ya miezi sita, kati ya mia moja wa vikundi, 9 tu walikuwa bado na huzuni kubwa au wasiwasi mkubwa. Kwa wale wengine walikuwa 42 kati ya mia.

Na kule Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi kumi na wanne wa mtaa wa Mbare, Harare. Bibi anaketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, anamsikiliza, kisha wanachagua shida moja tu ya kuanza nayo. Ugonjwa huo Washona wanauita kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Ni mawazo mingi yetu, katika lugha ya jirani.

WAKATI KUONGEA HAKUTOSHI

Lakini lazima niseme neno lingine, hasa kwa vijana na kwa wazazi wao.

Karibu na yaya alikaa kijana wa miaka 19. Tangu 2021 hakulala vizuri. Kwanza aliacha mpira, halafu shule, halafu kuoga. Akaanza kunywa kanyanga ili alale. Mwishoni alisikia sauti na kusema kwamba ingekuwa heri afe. Jamaa yake walimpeleka kwenye chumba cha maombi, akafungwa kwa kamba siku tisa bila chakula cha kutosha. Alitoka na vidonda mikononi, na sauti zikabaki.

Yaya na mama wawili wa kikundi ndio waliokwenda na mama yake mpaka Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili cha Frères de la Charité pale Goma. Alipewa dawa, na mtu wa kuongea naye kila juma. Nilipomkuta alikuwa akichota maji ya jirani na kudai malipo yake kwa sauti. Mama yake alinieleza, "Tulikuwa tunasali na tunaendelea kusali. Lakini hata malaria tunaisalia, na dawa tunakunywa."

Kuelekea Sake kuna mashimo ambamo watu wa Goma hawalali wala hawachungi mbuzi. Wanayaita mazuku. Hewa mbaya inatoka ardhini, ni nzito, inakaa chini, haina rangi. Anayelala humo haamki. Anayemwona mwenziwe chini asiteremke peke yake, aite watu. Shemeji alinionyesha shimo moja kutoka mbali, nami nikamfikiria kijana yule, na nikajifikiria mwenyewe.

Basi, kama wewe au mtu wa nyumbani kwako amekaa majuma mawili bila usingizi au bila hamu ya kula, kama anasikia sauti, kama pombe imekuwa dawa yake, kama anapiga watoto bila sababu, msingoje. Na kama anasema afadhali kufa, msimwache peke yake hata usiku mmoja, na mwende kwa muuguzi kesho yake. Kwa watu wa Kivu Kusini, Bukavu kuna SOSAME, nayo ni ya Frères haohao. Si mahali pa aibu.

KURUDI

Nilirudi Kamituga mwisho wa mwezi wa nane. Msidhani kwamba yote yalitengenezwa. Deni ilikuwa palepale, na sahani ni tisa hata leo. Nilikwenda kwa mwenye duka mchana, kwa mlango wa mbele. Alikasirika, kisha tukapatana. Ndugu za Uvira walituma pesa ya mzee, na mmoja akanilaumu: "Sababu gani haukutuambia?" Nilimwita mtoto wangu mdogo, nikamwomba radhi juu ya kikombe. Alikuwa amesahau kikombe. Fimbo hakuisahau.

Tarehe 27 Januari 2025 kundi la M23 liliingia Goma. Umeme na maji vilikatika, na risasi zilipiga katika mitaa. Siku nne simu ya yaya haikupita. Mimi nikarudi kulekule: usiku nilikaa juu ya kitanda, redio sikioni, nikihesabu. Usiku wa tatu mama watoto aliniletea daftari. Niliandika mistari minne. Mitatu haikuwa yangu. Mmoja ulikuwa: kumwambia mzee ukweli kuhusu binti wake. Nikaenda kumwambia. Tukakaa pamoja mpaka asubuhi, na angalau hatukuwa kila mtu peke yake.

Siku ya tano simu ililia. Sauti ilikuwa ya mbali.

"Tuko," yaya akasema. "Tulilala chini siku mbili. Tunakunywa maji ya ziwa, tunachemsha. Chukudu iko. Mama mmoja wa kikundi hatumuoni."

Nikamwuliza kama analala.

Akakaa kimya kidogo. "Leo hapana," akasema. "Siku ya nne ya juma inakuja. Tutakutana, wenye watafika."

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni nani katika jamaa yetu anajibu kila siku "Niko tu muzuri"? Ni nani anaweza kumwuliza mara ya pili?

2. Kila mmoja aandike mambo yaliyo kichwani mwake. Yapi ni ya leo, yapi ni ya kisha, yapi si yetu?

3. Kutoka kwetu, kituo cha karibu chenye muuguzi anayejua magonjwa ya mawazo kiko wapi, na safari ya kufika ni pesa ngapi? Tafuteni jibu kabla ya siku ya shida.